Kuonja na Kupima Shiraz: Namna ya Kujua Chupa Inayostahili Hela Yako

Ukisimama mbele ya rafu ya mvinyo katika supamaketi ya Dar es Salaam au Nairobi, Shiraz haikosekani. Nyingi ni za Afrika Kusini, chache za Australia, na moja moja ya Ufaransa iliyoandikwa Syrah. Bei zinaanzia elfu ishirini na kitu za Tanzania hadi zile ambazo mtu anazitazama na kupita. Lebo za nyuma zote zinaimba wimbo mmoja: matunda meusi, viungo, ulaini. Hakuna hata moja itakayokwambia kama chupa ya 70,000 ni bora kweli kuliko ya 35,000, au kama unalipia chupa nzito yenye herufi za dhahabu.

Mwongozo huu ni wa kulipata jibu hilo mwenyewe, nyumbani, pamoja na watu wachache mliochangishana. Kanuni kubwa ni moja: alama ziandikwe kabla lebo haijaonekana, na bei ya duka itajwe mwisho kabisa. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Caltech na Stanford, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu walionjeshwa mvinyo uleule mara mbili, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wakiambiwa ni wa dola 90. Ulipoitwa wa dola 90 waliufurahia zaidi, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba hawakuwa wakijifanya. Raha ilikuwa ya kweli, ila ilitokana na bei. Sisi tunataka itokane na kilichomo ndani ya chupa.

Ifahamu Shiraz kabla ya kuinunua

Shiraz na Syrah ni zabibu moja. Hadithi kwamba asili yake ni mji wa Shiraz, Uajemi, iliishiwa nguvu mwaka 1998, pale vipimo vya vinasaba vya wataalamu wa Davis, California, na Montpellier, Ufaransa, vilipoonyesha kwamba wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa. James Busby, mtaalamu wa kilimo cha zabibu, aliifikisha Australia mwaka 1832 pamoja na vipandikizi vingine vya Ulaya. Na kwa kuwa filoksera, mdudu aliyeteketeza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hajaingia jimbo la Australia Kusini, bonde la Barossa lina Shiraz iliyopandwa miaka ya 1840 na inazaa mpaka leo.

Kwa mwonjaji, cha kujua kwanza ni joto la mahali zabibu zilikokulia. Barossa na McLaren Vale, yote ya Australia Kusini, ni maeneo ya jua kali. Mvinyo wake ni mzito, una ladha ya zambarau zilizoiva kupita kiasi, jamu na chokoleti, na kilevi chake mara nyingi hufika asilimia 14.5 au zaidi. Huko pia kuna mazoea ya zamani ya mapipa ya mwaloni wa Marekani, yanayoacha vanila na harufu inayokaribia nazi. Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa kampuni ya Penfolds, alitumia mapipa hayo yakiwa mapya alipotengeneza Grange, Shiraz maarufu ya Australia, kwa majaribio mwaka 1951, na mtindo huo ukaigwa na wengi.

Ukienda kwenye ubaridi zaidi, kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, kwenye Hermitage, Côte-Rôtie, Cornas na Saint-Joseph, zabibu ileile inatoa mvinyo mwembamba zaidi, wenye pilipili manga, zeituni nyeusi, maua na nyama ya moshi. Afrika Kusini ina mitindo yote miwili. Stellenbosch, Paarl na Robertson hutoa nyingi zilizoiva vizuri, na Swartland imejijengea jina kwa zile kavu zenye viungo. Wazalishaji wengi wa huko huandika Shiraz wanapotaka mtindo wa Australia na Syrah wanapotaka ule wa Rhône. Hakuna sheria inayowalazimisha, lakini ni dalili ninayoifuata dukani na mara nyingi hainiangushi. Hunter Valley, kaskazini mwa Sydney, inavunja kanuni ya joto: ni eneo la joto, lakini Shiraz yake ni ya uzito wa kati, yenye harufu ya udongo na ngozi. Ukiipata huku kwetu, ni bahati.

Hiyo pilipili manga inastahili maelezo. Inatoka kwenye kemikali iitwayo rotundoni, ambayo imo pia kwenye pilipili manga yenyewe. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mvinyo ya Australia walipoichapisha mwaka 2008 walieleza jambo lenye faida kubwa kwetu: takriban mtu mmoja kati ya watano waliopimwa hakuinusa kabisa, hata ilipowekwa kwa wingi. Kwa hiyo katika meza ya watu saba, usishangae mmoja akiapa kwamba hakuna pilipili yoyote. Habishi, wala pua yake haina ugonjwa. Mjue mapema, maana alama zake kwa chupa za maeneo ya baridi zitakuwa chini kuliko za wenzake.

Hatua ya 1: Nunua kwa mpango

Chupa sita zinatosha. Zikizidi nane ulimi unachoka, ukakasi unarundikana, na chupa za mwisho zinaonewa. Nunua mbili za bei ya chini, tatu za bei ya kati, na moja ya bei inayouma. Zote ziwe Shiraz tupu, kwa sababu ukichanganya na Merlot au Cabernet humo humo hutajua ulichokipima. Fahamu kwamba Australia na Afrika Kusini zinaruhusu kuandika jina la zabibu moja hata kama asilimia 15 ni nyingine, kwa hiyo soma lebo ya nyuma. Miaka ya mavuno isipishane sana. Kumbuka kwamba kusini mwa dunia zabibu huvunwa kati ya Februari na Aprili, hivyo chupa ya 2022 kutoka Barossa ina nusu mwaka zaidi ya chupa ya 2022 kutoka Rhône.

Jina la eneo ndilo linalokupa habari nyingi. "South Eastern Australia" ni eneo kubwa mno, linabeba sehemu kubwa ya mizabibu yote ya nchi hiyo, na kwa kawaida linamaanisha zabibu zilizokusanywa kutoka mashamba ya umwagiliaji yaliyo mbali na mbali. "Western Cape" ni hivyo hivyo kwa Afrika Kusini. Jina likiwa dogo, mathalani Swartland au Eden Valley ya Australia, mzalishaji amejibana mwenyewe, na mara nyingi anajua kwa nini. Maneno kama "reserve" au "winemaker's selection" yapite tu, kila mtu anaweza kuyaandika. Maneno ya mizabibu mikongwe yana uzito yanapokuwa na muhuri: Afrika Kusini kuna muhuri wa Old Vine Project kwa mizabibu ya miaka 35 na kuendelea, na Barossa ina orodha yake inayoanzia miaka 35 na kupanda hadi 125.

Halafu angalia chupa yenyewe imekaaje. Huku kwetu tatizo hili naliona kubwa kuliko la ubora wa mzalishaji. Chupa iliyosimama dirishani inapigwa na jua la saa nane mchana, usiinunue hata ikipunguzwa bei. Kizibo kilichoinuka juu ya mdomo wa chupa, au alama ya mvinyo uliovuja na kunata chini ya karatasi ya shingoni, maana yake imepikwa njiani au stoo. Chukua chupa iliyo nyuma ya rafu, mahali penye giza. Na Shiraz ya bei ya chini haikutengenezwa kukaa, ikishapita miaka minne hivi tangu mavuno, iache.

Kwa nini ninapendekeza tatu za bei ya kati? Chupa, kizibo, lebo, boksi na nafasi ndani ya kontena vinagharimu karibu sawa kwa mvinyo wa kawaida na ulio bora kidogo. Ushuru wa bidhaa nao, Kenya na Tanzania, hupimwa kwa wingi wa kinywaji au wa kilevi, haupimwi kwa bei. Kwa hiyo kwenye chupa ya bei ya chini kabisa, hela iliyobaki kulipia zabibu ni ndogo sana. Ukiongeza kidogo, kile ulichoongeza kinaingia zaidi kwenye mvinyo wenyewe. Ukizidi kupanda, unaanza kulipia jina na uchache. Kati ya hapo ndipo penye chupa za kutafuta, na ndipo panapostahili kuonjwa kwa makini.

Ukikuta chupa ya Dodoma iliyoandikwa Syrah au Shiraz, iingize kundini bila kuwaambia wenzako. Dodoma inajulikana zaidi kwa zabibu yake ya Makutupora na kwa kuvuna mara mbili kwa mwaka, na chupa yake haijabeba gharama ya meli wala ushuru wa forodha. Kwa upande wa thamani ni mshindani halali.

Hatua ya 2: Andaa nyumba, glasi na joto

Usichome udi siku hiyo. Marashi pia yapumzike, na vitunguu vya mchuzi visikaangwe mpaka kuonja kuishe. Harufu ya Shiraz ni nusu ya kazi yote, na udi mmoja unaizima sebule nzima. Anayevuta sigara akavutie nje na asubiri kidogo kabla ya kurudi mezani. Kahawa na dawa ya meno viachwe angalau saa nzima kabla.

Glasi ziwe za aina moja kwa kila mtu, zenye tumbo pana na mdomo unaobana kidogo juu. Hazihitaji kuwa za bei. Zioshe kwa maji ya moto bila sabuni nyingi, zikaushe, kisha zinuse zikiwa tupu. Glasi iliyotoka kabatini mara nyingi inanuka kabati.

Joto ndilo linaloharibu mvinyo mwekundu ukanda wa pwani. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" uliandikwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzijoto 17. Cha Mombasa kina 30. Shiraz ya nyuzijoto 30 inanuka spiriti na kuonekana nzito isivyo haki, wakati ile iliyotoka kwenye friji moja kwa moja inabana ladha na kuongeza uchungu. Lenga 16 hadi 18. Pwani, weka chupa kwenye friji kama saa moja hadi saa moja na nusu, au ndoo yenye maji na barafu kwa dakika kumi. Nairobi, Arusha au Mbeya, nusu saa ya friji inatosha. Chupa zote sita zipate muda sawa, la sivyo unapima friji.

Mezani weka maji ya kawaida, mkate mweupe usio na siagi, na chombo cha kutemea kwa kila watu wawili. Kutema si utovu wa adabu hapa. Chupa moja ya mililita 750 yenye asilimia 14.5 ina takriban gramu 86 za kilevi, na hizo ni chupa sita. Anayemeza kila glasi anafika ya nne akiwa mkarimu wa alama kwa kila kitu. Anayeendesha gari ateme zote.

Hatua ya 3: Ficha chupa

Mtu mmoja awe mficha. Kama mna mtu asiyekunywa, ndiye bora. Afungue chupa zote nusu saa kabla, anuse kila moja kama imeharibika, kisha aitie kila chupa kwenye mfuko wa khaki na kuufunga shingoni kwa mpira. Mtu wa pili, ambaye hakuziona zikiingizwa, aibadilishe mifuko nafasi na kuiandika namba 1 hadi 6. Hapo hata mficha hajui namba ipi ni ipi. Vifuniko na vizibo viondolewe mezani, maana kifuniko cha kuzungusha kinawafanya wengine waseme "hii ya bei rahisi" kabla ya kunusa. Australia huweka kifuniko hicho hata kwenye mvinyo wa bei kubwa.

Nyongeza ninayoipenda: nunua chupa mbili za mvinyo mmoja, ziingie zote kwa namba tofauti. Mwishoni utaona nani aliupa mvinyo uleule alama 12 mara ya kwanza na 17 mara ya pili. Robert Hodgson, mtengenezaji mvinyo wa Marekani, aliwapima hivyo majaji wa mashindano ya California na kuchapisha matokeo mwaka 2008; ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyerudia alama zinazokaribiana kila mara. Hao ni majaji wenye uzoefu. Sisi wa sebuleni tuwe wapole tunapobishana kwa nusu alama.

Mimina mililita 50 tu kwa kila mtu. Glasi ijae chini ya robo, ili kuwe na nafasi ya kuzungusha.

Hatua ya 4: Zoeza ulimi kabla ya chupa ya kwanza

Watu wengi huchanganya mambo matatu: uchachu, ukakasi na uchungu. Dakika tano za jikoni zinamaliza ubishi huo. Changanya maji na ukwaju kidogo bila sukari, mtu anywe na asikilize mate yanavyojaa chini ya ulimi na mashavuni. Huo ni uchachu. Kisha chai ya rangi iliyokolea mno, imepoa, haina sukari: fizi na ulimi vinakauka na kukwaruza. Huo ni ukakasi, unatokana na tanini, na kwenye Shiraz unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye mapipa. Uchungu utausikia nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Shiraz nzuri ina uchachu wa kutosha kuleta mate na ukakasi wa kutosha kuhisiwa, na kimoja hakikimbii kingine.

Hatua ya 5: Onja

Rangi iangalie haraka, juu ya karatasi nyeupe. Inamisha glasi. Ukingo wa zambarau ni ujana, ukingo wa matofali ni uzee au joto la stoo. Usitoe alama kwa rangi. Shiraz karibu zote ni nyeusi, na weusi haujawahi kunywewa.

Kunusa kunahitaji muda. Nusa kwanza glasi ikiwa imetulia, kisha zungusha mara tatu nne na unuse tena, pumzi fupi fupi. Jiulize kwa mafungu: ni tunda gani, limeiva kiasi gani, kuna kiungo, kuna pipa, kuna kitu kisichotakiwa? Tumia majina ya vitu unavyovijua. Vitabu vitakwambia "blackberry" na "cassis". Wewe sema zambarau, forosadi, tende, jamu, karafuu, pilipili manga, hiliki, kakao, ngozi ya viatu vipya, mkaa wa nyama choma. Neno la kwako linakusaidia kukumbuka chupa hiyo mwezi ujao, la kuazima halikusaidii.

Pipa ndilo la kutilia shaka zaidi. Vanila ikitangulia kila kitu na tunda likaja nyuma yake dhaifu, kuna uwezekano mkubwa kwamba vipande vya mwaloni vilitumbukizwa kwenye tangi la chuma badala ya mvinyo kukaa pipani. Njia hiyo ni halali na ya bei nafuu, na wakati mwingine matokeo ni mazuri. Lakini ikikupa harufu kubwa na mdomo mtupu, ishushe alama bila huruma.

Kisha mdomo. Chukua kiasi cha kijiko kikubwa, kizungushe kifike fizi zote, vuta hewa kidogo kupitia midomo hata kama inatoa sauti, shikilia, kisha tema. Kuna maswali manne. Je, ni mkavu au kuna sukari iliyobaki? Shiraz nyingi za bei ya chini huachiwa utamu kidogo ili kuficha ukakasi. Onjo la kwanza linapendeza, la tatu linachosha. Je, uchachu upo? Je, ukakasi ni laini au unakwangua? Je, kilevi kinachoma kooni? Asilimia 15 si kosa ikiwa tunda linaweza kuibeba.

Baada ya kutema, hesabu kimoyomoyo ladha inayopendeza inabaki hadi ngapi. Chini ya tano ni fupi, kati ya tano na kumi ni ya wastani, zaidi ya kumi ni ndefu. Ikibaki moto wa kilevi au uchungu peke yake, usiihesabu. Kipimo hiki kinaweza kuonekana kidogo, lakini kama ningelazimishwa kubaki na kimoja tu, ningebaki nacho.

Rudia chupa zote mara ya pili kwa kuanzia ya mwisho. Namba 1 huonewa kwa sababu ulimi haujaamka, na inayofuata baada ya chupa nzito huonekana nyembamba kuliko ilivyo.

Meza ikae kimya mpaka kila mtu aandike. Mtu mmoja akisema "ah, hii nzuri" kwa sauti ya kujiamini, alama za meza nzima zinahama.

Kasoro za kutofautisha na ladha

Harufu ya boksi lililolowa au gunia lililovunda, na tunda limezimika: kizibo kimeambukiza mvinyo. Hakuna dawa, rudisha dukani ukiweza. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ikiwa kali ni kasoro, ikiwa ya mbali sana kwenye Shiraz nzito si jambo la kugombana. Jamu iliyoungua na rangi ya kahawia kwenye chupa changa ni joto la safari au stoo. Kiberiti kilichowashwa au mayai, hasa kwenye chupa za kifuniko cha kuzungusha, mara nyingi huondoka: mimina kwenye jagi, koroga kwa fujo, subiri robo saa. Harufu ya zizi na plasta ya kidonda ni chachu iitwayo Brettanomyces. Wako wanaoipenda kwa kipimo kidogo, hasa kwenye Syrah za Rhône. Mimi naivumilia mpaka inapofunika tunda, hapo nakata.

Chupa iliyoharibika usiipe alama. Andika "imeharibika" na uendelee.

Hatua ya 6: Toa alama kati ya 20

Mfumo wa 100 uliopata umaarufu kupitia Robert Parker, mhakiki wa mvinyo wa Marekani, unaanzia 50, na watu wengi wanautumia kati ya 84 na 95 tu. Kwa meza ya nyumbani, 20 inatosha. Ninagawa hivi: harufu 5, ladha 5, uwiano 4, urefu 4, na tabia 2. Uwiano ni namna tunda, uchachu, ukakasi, pipa na kilevi vinavyokaa pamoja. Tabia ni kama mvinyo unajitambulisha kuwa Shiraz ya mahali fulani, au ungeweza kuwa mvinyo mwekundu wowote.

Karatasi iliyojazwa vizuri inaonekana hivi:

"Namba 4. Rangi nzito, ukingo zambarau. Harufu: mwanzo imejibana, baada ya kuzungusha pilipili manga, forosadi, moshi kidogo, vanila ipo kwa mbali. Mdomo: mkavu, unaleta mate, ukakasi wa wastani kwenye fizi za juu, kilevi hakichomi. Urefu hadi tisa, mwisho uchungu kidogo. Harufu 4, ladha 4, uwiano 3.5, urefu 3, tabia 1.5. Jumla 16. Ningelipa 50,000."

Ukitaka kulinganisha na medali za mashindano ya Australia, kwa mizani yao ya zamani ya 20, shaba ilianzia 15.5, fedha 17 na dhahabu 18.5. Ukiona meza yako imetoa 18 kwa chupa nne kati ya sita, mnakunywa badala ya kuonja.

Hatua ya 7: Thamani, yaani ile "ningelipa"

Watu wengi hutafuta thamani kwa kugawanya alama kwa bei. Hesabu hiyo inadanganya. Mvinyo wa alama 17.5 kwa 60,000 unapata 0.29 kwa kila elfu moja. Wa alama 14 kwa 20,000 unapata 0.70. Wa alama 10, usionyweka vizuri, kwa 12,000 unapata 0.83 na kuwa bingwa. Kwa hesabu hiyo kinachoshinda siku zote ni cha bei ya chini, na huhitaji kuonja ili kukijua.

Badala yake, kila mtu aandike chini ya alama zake kiasi ambacho angetoa mfukoni mwake leo kwa chupa hiyo. Sisitiza: asikisie bei ya duka. Anayekisia anacheza mchezo wa kujionyesha, anayesema atatoa ngapi anasema ukweli wa mfuko wake.

Kisha mficha akusanye karatasi, apange bei hizo kutoka ndogo hadi kubwa kwa kila chupa, achukue ya katikati. Tuseme watu saba wameandika kwa chupa moja 25,000, 35,000, 40,000, 45,000, 45,000, 55,000 na 120,000. Ya katikati ni 45,000. Wastani ungetoa zaidi ya 52,000, kwa sababu ya mtu mmoja aliyepagawa.

Sasa fungua mifuko na utaje bei. Kama chupa hiyo inauzwa 32,000, gawa 45 kwa 32, unapata 1.4, na hicho ndicho kipimo cha thamani. Chupa nyingine ambayo meza ilisema 60,000 na duka linasema 120,000 inapata 0.5, hata kama alama zake ni za juu kuliko zote. Mimi naweka mipaka hivi: 1.2 na kuendelea, nunua boksi la sita. Kati ya 0.8 na 1.2, bei ni ya haki, nunua ukiihitaji. Chini ya 0.8, subiri punguzo au waachie wengine. Na chupa yoyote chini ya alama 13 haiingii kwenye hesabu, iwe bei gani. Unafuu wa kitu usichotaka kukinywa hauna maana.

Andika alama na kipimo hicho cha thamani pande mbili tofauti za daftari. Ya alama 17.5 yenye thamani ya 0.6 ina kazi yake, ndiyo unayoipeleka ukweni. Ya alama 15 yenye thamani ya 1.4 ni ya mishkaki ya Ijumaa.

Hatua ya 8: Chakula, kisha kesho yake

Alama zikishafungwa, leta nyama. Chumvi na mafuta ya mbuzi choma hulainisha ukakasi, na chupa iliyoonekana kali peke yake inaweza kugeuka kipenzi cha meza. Pilipili ya kachumbari hufanya kinyume kwa chupa zenye kilevi kikubwa, moto unapanda juu ya moto. Usibadilishe alama, ongeza mstari mmoja tu: "na nyama, imepanda" au "imeshuka".

Bakiza kiasi cha theluthi katika kila chupa, funga, weka kwenye friji. Kesho jioni itoe, ipate joto kidogo, onja tena bila kuangalia namba. Shiraz iliyojengwa kwa tunda zuri na uchachu wa asili mara nyingi bado imesimama, nyingine huwa imefunguka zaidi. Ile iliyobebwa na sukari na vanila huwa imebaki na utamu uliolegea. Chupa inayoshuka zaidi ya alama mbili kwa usiku mmoja naifuta kwenye orodha ya kununua boksi, hata kama kipimo chake cha thamani kilikuwa 1.5.

Zilizobaki zinaweza kukaa siku mbili tatu kwenye friji. Zilizoharibika kwa joto, lakini hazinuki boksi lililolowa, zinafaa kulowekea nyama ya ng'ombe kwa mchuzi mzito wenye karafuu na mdalasini. Mshindi wa thamani mnunulie chupa moja zaidi, iingie kwenye mifuko mtakapoonja tena, ikabiliane na tatu mpya za bei ya juu yake.